Nilitolewa tezi ya shingo, sasa nimekata wanga: T3 imeshuka na TSH imepanda. Nirudi kwenye ndizi au niongeze kidonge?

Mama Majengo

Habari za jioni wakuu na dada zangu. Niko Moshi. Naombeni ushauri, hasa kwa mliowahi kutumia dawa za tezi.

Nilitolewa tezi yote ya shingo miaka kadhaa iliyopita kwa ajili ya goita. Tangu hapo nameza levothairoksini, homoni ya tezi ya kidonge, mikrogramu 125 kila asubuhi, na nilikuwa sawa, TSH (homoni ya ubongo inayoiamuru tezi, hupanda homoni ya tezi ikipungua) ikicheza kwenye 2. Baada ya Pasaka nikaamua kupunguza mwili. Nilikuwa na kilo 84 na magoti yalishaanza kunisumbua. Nikakata wanga: ugali, wali, chapati, na kubwa kuliko yote kwa mtu wa huku, ndizi. Mtori hapana, machalari hapana, kiburu hapana. Nakula mayai, nyama, parachichi, mnafu, mchicha. Asubuhi ni kahawa yenye siagi, kisha sili mpaka mchana.

Nimefika kilo 75 na magoti yametulia, namshukuru Mungu. Ila tangu Juni nasikia baridi ya ajabu. Najua msimu huu Moshi kila mtu anajikunyata, lakini mimi sweta silivui hata saa saba mchana. Choo kimekuwa kigumu. Nywele nikichana zinabaki kwenye kitana. Nimepima juzi: TSH 7.4, na zile homoni za tezi zenyewe, FT4 (T4 iliyo huru kwenye damu) ipo ndani ya kiwango lakini mwisho wa chini kabisa, T3 iko chini ya kiwango.

Shemeji anasema wanga ndio unaolisha tezi, nirudi kwenye ndizi leo leo. Rafiki yangu wa mazoezi anasema niongeze kidonge cha 25. Miadi ya kliniki ni mwezi ujao. Nishike lipi?

Kijana wa Ngaramtoni

Pole dada. Usirudi kwenye wanga, hao ndugu wanakutisha. T3 kushuka ukiwa keto, huo mlo wa wanga kidogo na mafuta mengi, ni kawaida, mwili umejifunza kutumia mafuta na hauhitaji homoni nyingi. Mzee wangu sukari ilimtesa miaka, alipokata wanga imetulia na leo anapanda Ngaramtoni hadi shambani kwa miguu. Vumilia tu, baridi itaisha.

Mtu wa Maabara (Arusha)

Mama Majengo, kabla watu hawajakuchanganya, naomba majibu ya maswali matatu. Kidonge unameza saa ngapi na kahawa unakunywa baada ya muda gani? Kuna virutubisho vyovyote umeanza tangu ukate wanga? Na unatumia baiotini, ile ya nywele na kucha?

Mama Majengo

Kidonge nikiamka, kahawa palepale. Mwezi Mei misuli ya miguu ilikuwa inakakamaa usiku, kwenye kundi letu la kupunguza mwili wakasema ni chumvichumvi zimepungua, nikaanza vidonge vya kalsiamu na magnesiamu. Navimeza pamoja na cha tezi asubuhi. Baiotini nimenunua jana, sijaifungua.

Mtu wa Maabara (Arusha)

Asante. Una mambo mawili tofauti yamekukuta kwa wakati mmoja, na kila anayekushauri ameshika moja.

La kwanza ni T3. Kidonge chako ni T4. Mwili, hasa ini, ndio unaoibadilisha kuwa T3, homoni yenye nguvu inayoleta joto na kuendesha utumbo. Tangu miaka ya 1970 watafiti walishaona kwamba mtu akifunga kula kwa siku chache, T3 inashuka na sehemu ya T4 inageuzwa kuwa T3 ya kinyume, ambayo haifanyi kazi. Akirudishiwa wanga, T3 inapanda. Akirudishiwa mafuta peke yake, haipandi hivyo. Kwa hiyo shemeji yako hajakosea kabisa. Alipokosea ni kusema wanga unalisha tezi, wakati wewe tezi huna. Wanga unagusa ule ubadilishaji, na huo unafanyika hata kwako.

La pili ni TSH, na hili ndilo linalonisumbua. Kukata wanga hakupandishi TSH kihivyo. Kwenye njaa na kwenye wanga kidogo, T3 hushuka huku TSH ikibaki palepale au ikishuka kidogo, maana ubongo wenyewe umekubali kubana matumizi. Yako imetoka 2 hadi 7.4. Tena umepungua kilo 9, na mahitaji ya dawa hii kwa mtu asiye na tezi huhesabiwa kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo. Kwa kilo 84 ni kama 134, kwa kilo 75 ni 120. Kwa hesabu hiyo 125 ingepaswa kukutosha kuliko zamani. Kama haitoshi, basi haiingii yote mwilini.

Na sababu umeitaja mwenyewe. Kalsiamu inaishika levothairoksini tumboni na inatoka nayo. Magnesiamu na vidonge vya damu, yaani madini ya chuma, navyo hivyohivyo. Kahawa nayo inapunguza ufyonzaji. Kidonge kinataka tumbo tupu na maji matupu, kahawa na chakula visubiri angalau nusu saa, ikiwezekana saa nzima. Kalsiamu ikae mbali saa 4, kwa hiyo ihamishie usiku.

Dozi usiiongeze mwenyewe. Ukiongeza leo halafu ukatenganisha vidonge, dawa yote itaanza kuingia na utazidisha: moyo kwenda mbio, usingizi kukimbia, na ikiendelea muda mrefu mifupa inadhoofika.

Kijana wa Ngaramtoni

Kwa hiyo mkuu unakubali kwamba kukata wanga hakuna kosa?

Mtu wa Maabara (Arusha)

Hapana, mdogo wangu. TSH imepandishwa na namna ya kumeza vidonge, ila T3 hatuwezi kuigawa: sehemu ni dawa isiyoingia, sehemu ni chakula. Na "vumilia tu" usimwambie mtu asiye na tezi. Wewe ukikosea mlo, tezi yako ina namna ya kujirekebisha. Yeye kila tone la homoni linatoka kwenye kile kidonge. Nimefurahi kwa ajili ya mzee, lakini huyu ni mgonjwa mwingine.

Bibi wa Kibosho

Wanangu mmeongea vizuri. Mimi nilikuwa muuguzi, nimestaafu. Mama Majengo, mwanangu, nikuulize: kwa siku unakula mara ngapi?

Mama Majengo

Shikamoo bibi. Mchana na jioni, na jioni mara nyingi ni supu tu. Njaa siisikii siku hizi.

Bibi wa Kibosho

Marahaba. Basi hapo hujakata wanga tu, umekata chakula. Mwili hautofautishi sana, ukiona kinachoingia ni kidogo unapunguza moto. Hata hizo nywele, mtu akipungua uzito haraka zinaanza kudondoka baada ya miezi miwili mitatu, tezi iwepo isiwepo. Mara nyingi zinarudi zenyewe.

Huna haja ya kurudi kwenye sahani ya zamani. Ndizi mbichi gramu 100 ina wanga karibu gramu 30, ukiweka kipande kwenye nyama mchana bado uko kwenye wanga kidogo. Weka maharage kidogo, yatasaidia na choo. Asubuhi, kahawa na siagi si kifungua kinywa. Kula mayai, dawa ikishapata saa yake. Nimewaona wengi wanaoshika hii milo wakidhani wanga kidogo maana yake wanga sifuri, na ndio wanaofika wamechoka.

Ukiona uso unavimba, usingizi mzito usioeleweka, au mapigo yamekuwa ya polepole sana, usisubiri mwezi ujao. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Binti Usa River

Samahani kwa kuingilia. Mimi tezi ninayo, nanyonyesha mtoto wa miezi minne, na nimekata wanga pia. Kwenye kundi walituambia tutumie chumvi ya pinki, na kabichi badala ya ugali. Kuna shida?

Bibi wa Kibosho

Chumvi ya pinki iache, mwanangu. Haina madini joto ya kutosha. Mnyonyeshaji anahitaji mikrogramu 250 kwa siku, mtu mzima wa kawaida 150, na mtoto wako anayapata kupitia maziwa yako. Ninyi mmezaliwa mmekuta chumvi imeshatiwa madini joto, jambo lililoenea nchini miaka ya 1990, kwa hiyo rovu, yaani goita, hamlijui. Sisi tulikua tukiziona shingo za mama zetu. Milimani mvua imeyaosha madini hayo kwenye udongo, na mboga zetu haziwezi kufidia. Nunua ya pakiti iliyoandikwa ina madini joto, iweke kwenye chombo chenye mfuniko.

Kabichi ya kupikwa haina neno. Mbichi nyingi kila siku kwa mtu mwenye upungufu wa madini joto ndiyo ya kuangalia. Na mlo mkali wakati unanyonyesha zungumza kwanza na kliniki ya mtoto.

Mtu wa Maabara (Arusha)

Nyongeza kwa Mama Majengo: hiyo baiotini usiifungue, au ukiianza iache angalau siku mbili kabla ya kupima. Kwenye mashine nyingi inaweza kushusha TSH kwenye karatasi na kupandisha T3 na T4, daktari akadhani dawa imezidi akakupunguzia.

Mama Majengo

Nimepiga simu kliniki leo asubuhi nikasoma majibu yote. Miadi imesogezwa hadi Alhamisi. Daktari ameniambia nianze na kutenganisha vidonge, dozi ibaki 125, kalsiamu nimeze usiku, na mchana niweke ndizi kidogo. Swali la mwisho kwa Mtu wa Maabara: nipime tena lini? Nilitaka wiki ijayo.

Mtu wa Maabara (Arusha)

Wiki ijayo utapoteza hela. T4 inachukua kama siku 7 kupungua nusu mwilini, na TSH inakuja nyuma yake taratibu. Ngoja wiki 6 hadi 8, upime maabara ileile, TSH na FT4 zote mbili. Siku ya kupima toa damu kwanza, kidonge ndiyo umeze ukimaliza.