Naombeni ushauri: wanafunzi tumejenga baraza la mji, limeishia njiani

Mchoraji wa Relini
Wakuu, habari za jioni. Nasoma usanifu majengo, mwaka wa nne. Kwetu ni mji mdogo mkoani Tanga, umezaliwa na reli na mkonge. Kamba za nailoni zilipoua bei ya mkonge, tukabaki na stesheni, msikiti, kanisa, na maduka ambayo nusu yana kufuli lenye kutu. Likizo hii mimi na wenzangu 9 tumeanza kujenga baraza la wazi karibu na stendi: paa, vibaraza vya kukalia, sehemu ya wauza matunda na tangi la kuvuna maji ya mvua. Pesa tulichangisha kwa wazawa walioko nje ya mji. Msingi tayari, nguzo 6 kati ya 12 zimesimama. Wiki ya tatu sasa kazi imelala. Mwanzo wenyeji walikuja kusomba mchanga, siku hizi wanapita kimya, hata salamu hawatoi. Tufanyeje warudi?

Mbeba Zege
Kwanza paa. Ukipiga bati tupu, saa saba mchana hakai mtu hapo. Nyanyua bati, acha upenyo hewa ipite. Msanifu majengo Francis Kéré alifanya hivyo kijijini kwao Gando, Burkina Faso: shule ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, dari ya matofali, bati liko juu kabisa. Ilikamilika 2001, yeye bado mwanafunzi Berlin, na wanakijiji ndio waliojenga. Mwaka 2022 akapewa Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani.

Mama Wawili
Sisi tuliletewa kisima, enzi hizo nina mimba ya kwanza. Wakakata utepe, tukapiga vigelegele, wakaondoka. Pampu ikafa. Ufunguo wa kibanda uko kwa mwenyekiti, mwenyekiti kahamia Handeni. Hadi leo mbuzi wanalala mle. Vijana, mnapiga hodi kabla ya kuingia kwa watu?

Kigingi
Mkuu, kiwanja ni cha nani?

Mchoraji wa Relini
Kiwanja hakina shida. Tatizo ni mwamko wa watu.

Kigingi
Hujajibu. Cha mtaa, cha halmashauri, cha reli, au cha mtu?

Chumvi Nyingi
Ukiona mtu anaulizwa kiwanja anajibu mwamko, jua kuna baba mdogo mahali.

Mchoraji wa Relini
Sawa, niseme. Kiwanja ni cha marehemu babu yangu. Baba mdogo ndiye msimamizi wa mirathi, aliniruhusu kwa mdomo. Tulikubaliana upande wa barabarani aweke fremu 3 za maduka za kupangisha, kodi iwe ya familia. Nyuma yote ni ya watu wote. Sioni kosa hapo. Familia ingeweza kuuza kiwanja tukakosa vyote. Na ramani ilishachorwa hivyo, nondo za fremu ziko ardhini.

Kigingi
Waliochanga waliambiwa habari ya fremu?

Mchoraji wa Relini
Waliambiwa ni baraza la mji. Fremu zilikuja baadaye.

Mama Wawili
Ndiyo maana hawakusalimu, mwanangu. Mtu hasombi mchanga bure kujenga nyumba ya kupangisha ya mwenzake.

Mswahili wa Alabama
Huku niliko Marekani, jimbo la Alabama, kaunti ya Hale, kuna mji unaitwa Newbern, watu hawafiki 200. Chuo Kikuu cha Auburn kina programu ya usanifu majengo inaitwa Rural Studio, waliianzisha Samuel Mockbee na D. K. Ruth mwaka 1993. Wanafunzi wamejenga pale kituo cha zimamoto mwaka 2004, ukumbi wa mji 2011, halafu jengo la zamani la benki wakaligeuza maktaba, 2013. Nilikwenda kuangalia. Si majumba makubwa, ila nilipenda kwamba gari la zimamoto lilikuwa mle ndani na wazimaji ni watu wa mjini wenyewe, wanajitolea. Mji haujawa tajiri. Ila chuo hakikuondoka, na kundi likimaliza masomo kabla ya jengo, wengi wanabaki hadi paa likamilike. Wewe likizo ikiisha nani anabaki?

Chumvi Nyingi
Mimi siamini hii stori. Wanafunzi 10, likizo moja, msingi na nguzo 6? Na picha hakuna. Hapa tunachangishwa kijanja, subirini namba ya simu inakuja.

Mbeba Zege
Tumpime. Nguzo mlikaa siku ngapi mkavua mbao za kushikia zege?

Mchoraji wa Relini
Sitaki hata shilingi ya mtu. Nguzo ya kwanza tulivua mbao kesho yake, kona ikamomonyoka kama mkate uliolowa. Fundi wa pale akatuvunjisha yote. Zilizofuata tulizifunga magunia ya katani, tukamwagia maji asubuhi na jioni siku 7. Maji tulinunua dumu kwa dumu kwa mama wa chapati, aliyekuwa akiuzia hapo hapo kiwanjani.

Mbeba Zege
Huyu kajenga kweli. Namwamini.

Mama Wawili
"Aliyekuwa"? Sasa yuko wapi?

Mchoraji wa Relini
Tulimwomba apishe ujenzi. Amehamia ng'ambo ya reli, wateja hawamfuati.

Kigingi
Mdogo wangu, fanya hivi. Itisha kikao cha familia, muandike muhtasari, warithi wote wasaini, mtendaji na mashahidi wawepo. Eneo la baraza litengwe kwa maandishi. Kama ni Waislamu, liwekeni wakfu kwa jina la babu. Kisha wazawa wachague wadhamini, muwasajili RITA, wakala wa serikali unaosajili wadhamini. Fremu ziachwe, au kodi yake ilipe mlinzi na matengenezo, na hesabu ibandikwe ukutani. Waliochanga waandikie leo, kabla hujafika kikaoni.

Mchoraji wa Relini
Baba mdogo ameshapokea kodi ya miezi 6 kwa fremu moja. Hili sikulisema.

Kigingi
Lisemee kikaoni. Zitarudishwa au zitahesabiwa, ila zisifichwe.

Mchoraji wa Relini
Namwona Ijumaa baada ya sala. Barua ya waliochanga naiandika usiku huu.

Mama Wawili
Na mama wa chapati?

Mchoraji wa Relini
Kesho asubuhi nakwenda kumbebea meza. Chini ya zile nguzo 6 kuna kivuli kidogo tukitandika turubai.