Naomba ushauri: ninaowahoji wanaogopa kusaini fomu

Salaam ndugu zangu, niko mwaka wa pili wa PhD hapa Mombasa, nafanya utafiti vile watu weusi wapenzi wa jinsia moja wanavyojihisi wako kwao mjini, yaani mtaa gani, kibaraza gani mtu anakaa moyo umetulia. Kibali cha NACOSTI, ile tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, ninacho. Shida ni fomu ya ridhaa, chuo kinataka jina na sahihi, watu wanakataa na mimi naona wana haki, kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu ya Kenya, kinachotumika dhidi ya ngono ya jinsia moja, bado kiko, miaka 14 jela, Mahakama Kuu ilikataa kukiondoa 2019, sasa karatasi yenye jina ikipotea kwenye tuktuk si nimemharibia mtu maisha? Mmoja wa Mji wa Kale kaniambia atanisimulia yote ila mtaa wake nisiutaje, na huo mtaa ndio utafiti wenyewe jamani, ukisema tu uchochoro wa muuza kahawa watu washamjua.

Mliowahi kufanya mahojiano kama haya, kamati ya maadili mliiambia nini ikakubali ridhaa ya mdomo? Na mitaa mliifichaje bila kuua maana? Naanza tena Jumatatu, sitaki kumponza mtu.