Seva moja, anwani tatu, na mafundi wanaopima ile moja tu inayofanya kazi

Wakuu, uzi ni mrefu na nina hasira, mnivumilie. Hii ni wiki ya tatu nagombana na kampuni inayotuhifadhia seva ya barua pepe, na jana wamefunga tiketi yangu ya malalamiko kwa mara ya nne. Sababu waliyoandika: "Seva iko hewani." Nani kawaambia haiko hewani?

Mimi ndiye fundi wa mitandao wa ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa Kurasini. Watu kumi na wanne, seva moja ya Postfix (inayotuma na kupokea barua), Dovecot pembeni (inayowapa watu barua zao), hakuna maajabu. Miaka mitano imetulia mpaka bosi akasahau kama ipo. Mwanzoni mwa mwezi hao jamaa wakatuma tangazo: wanahamia fungu jipya la anwani za IP, kila mteja anapewa anwani ya pili, zote mbili ziwekwe kwenye DNS (daftari la mtandao linalogeuza jina kuwa namba), na tarehe 30 ile ya zamani inazimwa. Nikafanya walivyosema. Jina la seva likawa na rekodi mbili za A, yaani jina moja namba mbili: 203.0.113.14 ya zamani na 198.51.100.27 mpya. (Anwani nimezibadilisha, msianze kuzipekua.)

Jumatatu yake, saa tatu asubuhi, ofisi nzima kelele. Mhasibu anapokea barua zake vizuri. Anayekaa naye meza moja, swichi ileile, Outlook inazungusha kiduara mpaka inakata tamaa. Anazima kompyuta, anawasha, inakubali. Baada ya chai inagoma tena. Barua ya wakala wa meli yenye D/O (hati ya kuruhusu mzigo utolewe) ya kontena mbili, iliyotumwa saa mbili na nusu, kwetu iliingia saa saba mchana. Aliyewahi kulipa storeji bandarini anajua hayo masaa yanauma vipi, hasa yakiangukia siku ya mwisho ya bure. Na zile tunazotuma sisi kwa wateja wenye Gmail, moja inafika, inayofuata inarudi.

Nikapiga simu. "Kaka, mbona huku kwetu inapingi?"

Jamani. Kupingi ni kuita nje ya nyumba na mtu akaitika kutoka ndani. Sawa, yupo. Mimi nalalamika kwamba mlango haufunguki. ICMP, itifaki ya ping, haina poti (milango ya huduma), haijui 25 wala 587 wala 993, milango ya barua pepe, ni kitu gani. Halafu wanapingi kwa jina, si kwa namba, kwa hiyo anwani wanayoipima ni ile DNS iliyowapa dakika hiyo. Ikiwapa ya zamani, wanaona kila kitu shwari. Ikiwapa mpya, nayo inaitika ping, shwari vilevile. Tiketi inafungwa.

Ikabidi nifanye kazi yao. Kosa langu la siku mbili za mwanzo ni kwamba na mimi nilikuwa napima kwa jina. Siku ya tatu nikaacha jina, nikazipiga namba moja moja kwa nc, programu ya kubisha kwenye poti. Ya zamani: 25, 587, 993, zote zinafunguka papo hapo. Mpya: kimya, kimya, kimya, halafu "Connection timed out". Angalieni hilo neno. Ingekuwa "Connection refused" ningejua pakiti imefika ikakataliwa, labda Postfix haisikilizi kwenye anwani hiyo. Kimya cha namna hii mara nyingi ni mtu kazimeza pakiti njiani. (Poti 25 niliipima kutoka seva ya rafiki, si kwa bando la simu. Mitandao mingi huwazuia wateja wa kawaida kutoka kwa poti hiyo, ungepata jibu la uongo.)

Nikaingia kwenye seva, nikaacha tcpdump (programu inayoonyesha kila pakiti inayofika) inasikiliza anwani mpya, rafiki yangu akawa anabisha kutoka kwake. Mara ishirini. Hakuna pakiti hata moja iliyofika kwenye kadi ya mtandao. Faiawoli ya kwangu haikuhusika, maana tcpdump inaziona pakiti kabla faiawoli ya seva haijazigusa. Kwa hiyo kizuizi kiko kwao, kwenye ruta au faiawoli ya mbele, ambako walifungua poti za fungu la zamani na kusahau jipya. Nikawatumia ushahidi wote.

Jibu: "Tumejaribu telnet poti 25 kwenye anwani mpya, inafunguka." Nikauliza wamejaribu kutoka wapi. Kutoka ofisini kwao! Yaani wamo ndani ya geti, wanaulizwa kama geti limefungwa, wanajibu hapana, sisi tumo humu.

Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya masaa ya D/O. Seva inayotutumia barua inaona anwani mbili. Ikianza na ile bubu, inasubiri. Nyingine hujaribu ya pili baada ya nusu dakika, nyingine huweka barua kwenye foleni na kurudi baadaye kwa ratiba yake. Ndiyo maana haikuwa "imekufa". Imekufa ni afadhali, unaionyesha mtu na anaona. Hii ilikuwa bahati nasibu.

Sasa Gmail. Nikasoma logi ya barua zilizorudi, zote zina msimbo 550-5.7.1 na zote zimetoka kwa anwani ndefu ambayo sijawahi kuiweka mimi. Nikaangalia kwa ip -6 addr, seva ina anwani ya IPv6, ule mfumo mpya wa anwani ndefu! Ruta yao mpya inazitangaza, seva ikaokota yake yenyewe. Postfix ikiona kuna njia mbili, kwa kawaida haina upendeleo, mara inatoka kwa IPv4 (zile fupi za kawaida), mara kwa IPv6. Na ile ya IPv6 haina rekodi ya PTR ya kuonyesha namba hiyo ni ya jina gani, wala haimo kwenye SPF yetu, orodha ya anwani zinazoruhusiwa kutuma kwa jina letu. Gmail ikaitupa nje, na ina haki.

Nikaomba waniwekee PTR, maana anwani ni zao na rekodi hiyo wanaiweka wao. Jibu kwa maandishi, ninalo: "Huduma ya IPv6 hatuitoi." Haya, basi hiyo inayotangazwa na ruta yenu ni ya nani?

Nimejiokoa kwa inet_protocols = ipv4, yaani Postfix itumie IPv4 tu, halafu kuizima Postfix na kuiwasha upya, reload peke yake haitoshi. Barua za Gmail zikatulia siku hiyohiyo. Ile rekodi ya anwani mpya nimeiondoa kwenye DNS. Hapo kuna aibu yangu pia: TTL (sekunde ambazo wengine hulikumbuka jibu la DNS) nilikuwa nimeiacha 86400, kwa hiyo watu wameendelea kuangukia kwenye anwani bubu kwa siku nzima baada ya kuifuta. Nimekubali, nimemwambia na bosi.

Lakini leo ni tarehe 22. Tarehe 30 wanazima anwani pekee inayofanya kazi. Mpya bado haipokei kutoka nje, na PTR yake bado ina jina la jumla la kwao, si letu. Tangu Februari 2024 Gmail inataka jina na namba ya mtumaji viafikiane pande zote mbili, hata kama unatuma barua tano kwa siku. Nikihama hivi nilivyo, siku hiyo hatupokei na hatutumi.

Kuna mtu humu amehamishwa na akafanikiwa kufunguliwa poti? Uliongea na kitengo gani? Huduma kwa wateja nimewamaliza.

NYONGEZA, saa kumi na moja jioni: Fundi wao amenipigia, wa kwanza tangu tuanze. Swali lake la kwanza: "Kwani mkuu, wewe una anwani ngapi?" Nimemsomea zote tatu. Ile ya IPv6 ameniambia nirudie, hiyo hana kwenye orodha yake.