Nimekubaliwa uzamili wa hisabati Ulaya, lakini kuthibitisha siwezi

Binti_wa_Kahawa
Hamjambo nyote. Nimemaliza shahada ya kwanza ya hisabati hapa Nairobi, na wiki jana barua imefika: nimekubaliwa MathMods, ule uzamili ambao muhula wa kwanza unasomewa L'Aquila, Italia, na wa pili Hamburg, Ujerumani, wote kwa Kiingereza. Mamangu aliwasomea majirani barua hiyo mara mbili. Sasa ploti nzima inajua naondoka Septemba.

Wasichojua ni kinachoninyima usingizi. Kukokotoa naweza. Nipe intigrali, nipe mlinganyo, jibu nitaleta. Lakini miaka minne nimepita mitihani kwa kupitia karatasi za nyuma. Swali la "thibitisha kwamba" nilikuwa nalikariri lilivyo daftarini, na likibadilishwa kidogo naliruka. Nimeanza kitabu cha uchanganuzi (real analysis), nimesoma kurasa 90 kwa wiki mbili, ila nikikifunga siwezi kuandika hata mistari mitano yangu mwenyewe. Nimebakiwa na miezi mitatu. Niendelee nacho, ama nishike milinganyo tofautishi kwa kuwa ndiyo moyo wa programu hii?

Mkaazi_wa_Rongai
Hongera sana dada. Hisabati nawaachia wenyewe, mimi nazungumzia karatasi. Transkripti yangu ilikaa chuoni miezi minne, nikaikosa nafasi ya mwaka huo, kwa hivyo fuatilia yako kuanzia Jumatatu. Ukishatua Italia una siku 8 za kazi za kuomba kibali cha kuishi. Beba nakala za kila kitu.

Ubao_na_Chaki
Dadangu, hongera. Uliyoandika ndiyo yaliyonikuta nilipoenda AIMS, ile taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, Kigali. Wahadhiri hutoka nchi mbalimbali, kila mmoja anafundisha wiki 3 na kuondoka, kwa hivyo hakuna muda wa kujificha. Kazi yangu ya kwanza ilirudi na majibu yote sahihi, lakini kila nilipoandika "kwa hivyo" mhadhiri alikuwa amezungushia duara na kuandika pembeni: kwa nini? Nilikaa na karatasi ile usiku kucha. Sikuwa na la kujibu hata mahali pamoja.

Acha kuhesabu kurasa. Theoremu moja kwa siku: isome, funga kitabu, iandike, kisha mpe mtu aisome. Italia mitihani mingi ina sehemu ya mdomo. Unasimama ubaoni, mhadhiri anakutajia theoremu, unaithibitisha mbele yake. Alama ni kati ya 30, na ya kupita ni 18. (Ukihamia Hamburg usishtuke: kule 1.0 ndiyo bora, na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kupita.)

Milinganyo tofautishi iache kwa sasa. Hata theoremu ya Picard, inayosema ni lini mlinganyo una jibu na ni moja tu, imejengwa juu ya mifuatano ya Cauchy, ile ambayo namba zake huzidi kukaribiana zenyewe kwa zenyewe. Msingi uko kwenye kitabu hichohicho ulichonacho.

Tuanze leo. Thibitisha kwamba fanksheni endelevu kwenye [0, 1] ni endelevu kwa usawa, yaani ukipewa epsiloni (tofauti ya thamani inayoruhusiwa), delta moja (umbali ambao x haipaswi kuuzidi) inatosha kila mahali. Usichungulie. Andika hapa hata kama unahisi umekosea.

Binti_wa_Kahawa
Stima ilipotea, nimemalizia kwa tochi ya simu. Ni hivi:

Chukua epsiloni yoyote iliyo kubwa kuliko 0. Kila x ina delta yake, kwa kuwa fanksheni ni endelevu pale. Chukua delta iliyo ndogo kuliko zote. Hiyo itafaa kila mahali.

Naona ni fupi mno kuwa kweli.

Ubao_na_Chaki
Asante kwa kuiweka hadharani, wengi hawathubutu. Kosa liko sentensi ya tatu. Delta zikiwa 5 au 5,000, iliyo ndogo kuliko zote ipo. Zako hazina idadi. Zinaweza kuzidi kupungua zikiikaribia 0, na ya mwisho isipatikane kamwe.

Peleka maneno yako kwenye 1/x, kati ya 0 na 1, ncha zikiachwa nje. Yote yanapita bila kubadilisha herufi, na 1/x pale si endelevu kwa usawa. Sasa soma tena ulichoandika, utafute ni wapi umetumia kwamba 0 na 1 zenyewe zimo ndani. Hakuna. Nenda kwenye theoremu ya Heine na Borel. Usinijibu leo.

Binti_wa_Kahawa
Siku ya pili leo. Imenijia ndani ya matatu, foleni ya Roysambu, nikaiandika nyuma ya risiti.

Kila nukta c ina delta yake: x ikiwa karibu na c kuliko delta hiyo, thamani za fanksheni kwenye x na c zinatofautiana kwa chini ya nusu ya epsiloni. Naizungushia c kipande wazi (ncha zake hazimo), nikienda nusu ya delta tu kila upande. Vipande hivi vinaifunika [0, 1] nzima, na kwa Heine na Borel vichache vyenye idadi vinatosha. Hapo sasa delta ndogo kuliko zote ipo kweli! Naigawa kwa 2. Nikichukua x na y zilizo karibu zaidi ya hapo, x imo katika kipande cha c fulani, na y haiwezi kutoka nje ya delta ya c hiyohiyo. Nusu epsiloni na nusu epsiloni, basi.

Ile nusu ya delta ndiyo iliyonila siku mbili.

Ubao_na_Chaki
Ni sahihi, neno kwa neno. Nimeisoma mara tatu nikitafuta pa kuzungushia duara, sikupata. Inakili vizuri kwenye daftari kabla risiti haijapotea. Ya kesho: kila mfuatano wa Cauchy wa namba halisi una kikomo.