Naomba ushauri: kulala kwenye mahema Lushoto na watoto, na bibi yao wa miaka 71

MamaIlham

Habari zenu wakuu. Wikiendi ya Sabasaba tumepanga kwenda Lushoto, kwenye milima ya Usambara, tulale Ijumaa na Jumamosi. Siyo hotelini. Mume wangu ameona kambi moja huko juu, upande wa Magamba, ina mahema makubwa ya turubai yaliyosimamishwa juu ya sakafu ya mbao. Ndani kuna kitanda cha tano kwa sita, shuka nyeupe, taa, na choo na bafu vipo nyuma ya hema. Ndiyo hii vijana wanaita glampingi. Picha zimenivutia kweli.

Tunakwenda watu watano: mimi, mume wangu, Ilham wa miaka 9, Hudhaifa wa miaka 4, na mama yangu mzazi. Mama ni Msambaa wa Mlalo. Aliolewa akaja Dar mwaka 1974, na tangu tumzike mjomba, sasa miaka 12, hajakanyaga milimani. Magoti yanamsumbua. Nilipomwambia tutalala hemani alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kwani nyumba za kwetu zimekwisha?" Neno hilo sijalitoa moyoni mpaka leo.

Waliowahi kwenda mwezi wa saba, baridi ya usiku ikoje ndani ya hema? Na zile kona za kutoka Mombo tutazipitaje na Hudhaifa, maana huyu hutapika hata hatujafika Kibaha? Mama nimlaze hemani na sisi, au nimtafutie chumba cha matofali pale mjini?

DerevaWaKaskazini

Dada, salaam. Mlima ule nimeupanda na kuushuka miaka tisa. Tokeni Dar saa kumi na moja alfajiri, mpite Chalinze, Segera, Korogwe, adhuhuri mtakuwa Mombo. Hapo ndipo mnaiacha barabara ya Moshi na kuanza kupanda. Mpaka Lushoto ni kama kilomita 33, lakini itengeeni saa nzima. Lami ipo, ila ni nyembamba: mkono mmoja mwamba, mkono wa pili korongo, na malori ya kabichi na karoti yanashuka yamesheheni. Kila kona piga honi. Siku ya kurudi mume wako ashuke na gia ndogo, asikanyage breki mlima mzima, zikipata moto hazishiki.

Mtoto asipewe maziwa wala chapati za mafuta pale Korogwe. Mkate mkavu na chai ya rangi yenye tangawizi vinamtosha. Akae mahali anapoona barabara ya mbele, na simu asiguse kabisa. Simameni Soni, maporomoko yanaonekana hapohapo barabarani, ashuke apigwe na upepo dakika kumi. Wangu niliwavusha hivyo hivyo.

BabaWatatu

La baridi naomba nilijibu mimi, na naomba ulisome mpaka mwisho.

Mwaka jana, Julai hiyohiyo, tulilala kambi nyingine hukohuko Usambara. Jina silitaji. Saa mbili usiku kijana wa kambi akatuletea jiko la mkaa, mkaa umekolea mwekundu, hauna moshi hata kidogo. Akaliweka katikati ya hema juu ya sinia. Alifanya kwa wema, na mimi nikamshukuru. Tukafunga zipu zote. Joto likaenea, watoto wakalala.

Usiku wa manane nikaamka kichwa kinanigonga. Nikadhani ni uchovu wa kuendesha. Mke wangu naye akasema anasikia kichefuchefu. Nikamtikisa binti yetu wa miaka 6, haamki. Nikamnyanyua, shingo ikaanguka kwenye mkono wangu kama ya mtoto mchanga. Hapo ndipo nililiangalia lile jiko. Sikutafuta zipu iko wapi, nilipasua kitambaa cha mlangoni, nikawatoa wote nje kwenye umande bila viatu. Binti alitapika mara mbili. Baadaye akafungua macho akaniuliza, "Baba, mbona tuko nje?"

Tulimpeleka hospitali usiku uleule. Daktari alitueleza kwamba mkaa unaowaka unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, unasinzia, na aliyesinzia hajui kwamba anakufa. Mkaa uliokolea vizuri, usio na moshi, nao unaitoa. Turubai lililofungwa zipu haliiachii. Na kufungua kijidirisha hakutoshi.

Kwa hiyo dada, jiko likija, libaki nje. Hata mama mzee akilalamika baridi, libaki nje.

Baridi ya hema inapanda kutoka chini, upepo unapita chini ya zile mbao. Ombeni blanketi la kutandika juu ya godoro, chini ya shuka, kabla hamjaomba la kujifunika. Nunueni zile chupa za mpira za maji ya moto kwenye duka la dawa, moja kwa kila mtu, jikoni watawajazia. Izungushieni kitambaa isimchome mtoto. Soksi, kofia ya sufu, uji wa moto kabla ya kulala. Tangu siku ile tumeshalala mahemani mara mbili kwa namna hii, na hakuna aliyetetemeka.

MwalimuMstaafu_Soni

Mwanangu MamaIlham, pole na maandalizi. Hayo ya BabaWatatu uyashike kama yalivyo.

Lushoto mjini ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na Magamba mnapanda tena. Kila mita 1,000 joto hupungua nyuzi sita hivi. Mnatoka Dar na vikoi, huku Julai alfajiri ni kama nyuzi 10 au chini yake. Mama yako anaijua baridi hiyo, ila aliijua akiwa na magoti ya msichana.

Lakini mimi nimesimama kwenye lile swali lake. Unasema hulitoi moyoni, na una haki. Mama yako hakuuliza habari ya hema. Binti wa Mlalo akipita Lushoto, akalala kambi ya wageni siku mbili, na ndugu zake wakaja kusikia habari hiyo sokoni, kwetu huko ni kuwatangazia watu kwamba hana kwao. Mpigie simu aliyebaki pale nyumbani. Umwambie mnakuja, siku gani, wangapi. Mwende mkasalimie kwanza, na kilo za sukari na majani ya chai mkononi, ndipo mrudi kambini kwenu. Hapo hata mkilala juu ya mti hakuna atakayeuliza.

Na akifika, mwache asalimie watu kwa Kisambaa asubuhi, "onga makeo", watoto wasikie.

MamaIlham

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma nikiwa kwenye daladala na nimelia. Kweli sikuwa nimempigia mtu hata mmoja. Mke wa marehemu mjomba yupo, tunamwita Mama Shemboko, nampigia leo jioni. BabaWatatu, Mungu amkuze binti yako. Chupa za mpira nimenunua tano.

MamaIlham (mrejesho)

Wakuu, tumerudi salama, nimeahidi mrejesho.

Hudhaifa alitapika mara moja tu, kona ya tatu baada ya Mombo. Soni tukasimama, akarusha mawe majini mpaka baba yake akambeba.

Mlalo tulikwenda kwanza, kama Mwalimu alivyosema. Njia ni ndefu kutoka Lushoto na ina vumbi, mama alishikilia mpini wa mlango njia nzima na hakulalamika hata mara moja. Tulipofika, Mama Shemboko alikuwa amekaa barazani ananyambua majani ya maboga. Aliweka ungo chini. Wifi hawa wawili walishikana mikono, wakaulizana habari za mtu mmoja mmoja kwa Kisambaa, waliopo na waliokufa, kama robo saa nzima, na mikono haijaachana. Sisi tumesimama tu na sukari yetu.

Mama akamwambia wifi yake, "Twende ukaone wanangu wanakolala." Na Mama Shemboko akaingia ndani, akatoka na shuka lake na kanga mbili. Kwa hiyo kambini tulifika sita! Tukaongeza hema la pili, wazee wakalala wao wawili. Kambi walitutoza na kitanda cha ziada, sikujali.

Saa moja usiku jiko likaja, kama lilivyokuja kwa BabaWatatu. Mama Shemboko alifurahi, akasema liingizwe. Nikamsomea maneno yenu kwenye simu, hasa pale pa shingo ya mtoto. Alisikiliza akasema nyumba yao ya zamani ilikuwa ya nyasi, moshi ulipita juu, na hili turubai ameshalipapasa, halipitishi kitu. Akalisukuma jiko mwenyewe kwa mguu hadi nje. Tukachoma viazi hapo, tukala na chumvi. Yule kijana nilimweleza kwa upole, na asubuhi nikamweleza na meneja, akaandika kwenye daftari lake. Naomba na nyinyi mkienda kambi yoyote mseme.

Blanketi la chini ya shuka ndilo lililotuokoa. Mama alisema magoti hayakumuuma usiku, na chupa yake ya mpira hakuirudisha, amekuja nayo Dar.

Jumamosi tuliona mbega Magamba, watano au sita, mikia myeupe inaning'inia kama pindo za shuka. Mlinzi alitaka kutuonyesha kinyonga wa pembe tatu, wazee wote wawili wakakataa kusogea. Ilham alisogea. Mafyulisi hatukuyapata, ni ya Desemba. Irente, kule ukingoni mwa mlima, tulifika jua linashuka, mama akakaa juu ya jiwe na kumwonyesha Hudhaifa Mazinde kule chini, na barabara ya lami imelala kama uzi.

Usiku wa mwisho nililala karibu na ukuta wa hema. Wazee kule kwao walikuwa bado wanazungumza na kucheka, turubai halifichi sauti. Ilham akaniuliza, "Mama, bibi anasema nini?" Nikamtafsiria maneno machache ninayoyajua. Mengine nilimwambia asubuhi akamuulize mwenyewe, na aliamka kabla yangu akaenda kumuuliza.