WIN ya Wollongong ilieneaje mikoani?

Mkazi wa Ngamiani, Tanga:
Ndugu zangu, mpwa wangu anayesoma Wollongong, Australia, amenieleza kuwa kituo cha televisheni cha huko, WIN, kilianza mwaka 1962 kikihudumia eneo hilo tu. Kilipataje kuwa mtandao?

Fundi wa Chumbageni:
Kaka, jibu liko kwenye sera kuliko kwenye mitambo. Kwa miaka mingi maeneo mengi ya mikoani yalikuwa na kituo kimoja tu cha biashara, pamoja na ABC, shirika la utangazaji la taifa la Australia. Lakini kuanzia mwaka 1989 serikali iliunganisha maeneo jirani yawe soko moja, ili watazamaji wapate vituo vitatu vya biashara kama wenzao wa miji mikuu, na hapo vituo vidogo vikajikuta vinashindana, vinauzwa au vinajifunga kwa mitandao mikubwa. WIN, ambayo mfanyabiashara Bruce Gordon aliinunua mwaka 1979, ilijiunga na Nine, mmoja wa mitandao hiyo mikubwa, ikawa inarusha vipindi vyake. Nakumbuka sisi hapa tulivyofunga antena juu ya mwanzi na kuielekeza Pemba, tukiomba upepo usiigeuze kabla ya taarifa ya habari.

Mama wa Raskazone:
Naongeza kidogo, mwanangu. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 2016, WIN ikahamia Ten, mtandao mwingine mkubwa, kisha mwaka 2021 ikarejea kwa Nine. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba mwaka 2019 ilifunga vyumba vya habari katika miji kadhaa, ukiwamo Orange.

Mkazi wa Ngamiani:
Ahsanteni. Shikamoo, Mama.