Mume wangu anakoroma, halafu pumzi inakatika. Naombeni ushauri

Wakuu, habari zenu. Mume wangu ana miaka 46. Kukoroma kwake nilishakuzoea, ila siku hizi katikati ya koroma anakuwa kimya ghafla. Kifua kinahangaika, hewa haipiti. Juzi nilihesabu hadi 20 ndipo akashtuka kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini, akageuka, akalala tena. Asubuhi hakumbuki kitu. Anaamka kichwa kinamuuma, mdomo umekauka, na mchana anasinzia hata akiwa kwenye maongezi. Nikimwambia akapime anasema ni uchovu wa kazi. Naogopa jamani.

Mkesha: Pole sana dada. Hiyo inafanana na apnia ya usingizi. Misuli ya koo inalegea mtu akilala, njia ya hewa inaziba, ubongo unamgutusha avute pumzi, kisha inaanza upya. Ndiyo maana analala usiku kucha na bado anaamka amechoka. Ana presha? Anaamka mara nyingi kukojoa? Mwambieni daktari yote hayo.

Fundi Mstaafu: Apunguze kitambi tu, itaisha.

Koromeo: Mkuu, uzito unachangia kweli, lakini mimi ni mwembamba na ninayo. Nilibisha miaka minne mpaka mke wangu aliponirekodi kwa simu. Kusikia ule ukimya wangu mwenyewe kulinitoa jasho. Nilipewa kifaa cha kulala nacho nyumbani usiku mmoja: kibanio kidoleni, mrija puani, mkanda kifuani. Wanahesabu pumzi inavyokatika au kupungua kwa sekunde 10 au zaidi. Kuanzia mara 5 kwa saa ni tatizo, 30 ni kali. Mimi nilikuwa na 38! Sasa natumia mashine ya CPAP, inasukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Wiki za mwanzo ilinikera sana, nikavumilia. Kichwa hakiniumi tena.

Bibi Afya: Anaendesha gari? Hilo ndilo la haraka kuliko yote. Akisikia usingizi asishike usukani kabisa. Pombe na dawa za usingizi aache, zinalegeza koo zaidi. Kulala kiubavu kunawasaidia baadhi, ila kusiwe sababu ya kuahirisha kipimo.

Mleta uzi: Asanteni sana. Anaendesha, tena kila siku. Jana usiku nimemrekodi dakika 40. Amesikiliza leo asubuhi, akarudia ile sehemu ya kimya mara mbili, kisha akaniomba nimpeleke kwa daktari, niendeshe mimi.